Tela la Zabloni Mtweve

Kabla sijaanza, naomba ieleweke kwamba mimi sina wivu. Tume ya uchunguzi imeniuliza, daktari wa wilaya ameniuliza, na mke wangu ameniuliza mara nyingi kuliko hao wote, na jibu langu halijabadilika. Mimi, Wilbroad Kasembe, ni mtumishi wa umma aliyetimiza wajibu wake. Kama wajibu huo ulimwangukia Zabloni Mtweve, ni kwa sababu alikuwa amesimama pale pale ulipokuwa unapita.

Nchi yetu siitaji jina, maana majirani wana tabia ya kuiga. Inatosha kusema kwamba kwetu kiongozi hutambuliwa kwa tela. Siku ya uhuru Baba wa Taifa aliingia mji mkuu akiendesha trekta, nyuma yake tela limejaa wakulima wa pamba wanaoimba, na watu walishangilia mpaka wakapoteza viatu. Serikali mpya ilichunguza kwa miaka miwili ili kujua walishangilia nini hasa. Wataalamu waliwaondoa wakulima, wakaiondoa pamba, wakaliondoa trekta, na kilichobaki ndicho kilichotangazwa kuwa kiini cha uongozi.

Tangu hapo kila kiongozi hupewa gari na tela. Mtendaji wa kata ana tela la magurudumu mawili, refu kama kitanda. Mratibu wa wilaya, kama nilivyokuwa mimi, ana la magurudumu manne, mita tano. Waziri ana mita kumi na nane. La Rais halijawahi kupimwa, kwa sababu yeye huwa ameshafika, ameshahutubia na ameshakula wakati mwisho wa tela lake bado unatoka getini Ikulu.

Tela halibebi kitu. Sheria ya Matela, kifungu cha tatu, inasema wazi kwamba tela la kiongozi hubeba heshima, na heshima haichanganywi na mzigo mwingine. Kamusi ya Taifa imelipa neno hili kurasa nne. Inakubali kwamba tela ni gari lisilo na injini linalovutwa na lenye injini. Inakubali pia nyumba za magurudumu wanamoishi wataalamu wa kigeni wanapotujengea barabara, na wanamoendelea kuishi barabara ikishaharibika. Mwishoni, kwa herufi ndogo, inataja trela, kile kipande cha filamu wanachoonyeshwa watu kabla filamu yenyewe haijatengenezwa. Hicho hutumiwa zaidi na Wizara ya Maji.

*

Kuna jambo la kiufundi ambalo mgeni hawezi kulijua. Gari lenye tela ni gumu kurudisha nyuma. Ukikata usukani kulia, tela linakwenda kushoto. Ukikasirika, linajikunja kama mguu wa panzi. Madereva wetu wote walishindwa. Badala ya kuwafundisha, Serikali ilitangaza kwamba Taifa hili halirudi nyuma, na maneno hayo yakachorwa kwenye kuta za shule zote. Ofisi zikajengwa kwa mviringo ili anayekosea mlango azunguke tena. Mimi mwenyewe niliwahi kuizunguka Wizara ya Elimu mara tisa nikitafuta choo.

Matela mawili yakikutana kwenye daraja jembamba, fupi ndilo linalotakiwa kulipisha refu. Lakini kwa kuwa hakuna anayejua kurudi, yanakaa hapo hapo mpaka mwenye moja apandishwe cheo na kupewa gari jingine. Waratibu wawili wa kusini walikutana darajani mwaka wa mafuriko. Wamestaafia pale, na nasikia wana bustani nzuri.

*

Zabloni na mimi tulikuwa waratibu wa wilaya mbili zinazopakana, yeye Mashariki, mimi Magharibi, na nyumba zetu za serikali zilitazamana. Tulisoma darasa moja. Mimi nilikuwa wa kwanza kwenye mtihani na yeye alikuwa wa ishirini na saba, na baadaye akaendesha trekta kwenye shamba la pamba kwa miaka kumi, akipata weusi wa jua na mikono kama magogo, wakati mimi nilikuwa ofisini nikijifunza kugonga mhuri bila kuangalia.

Basi asubuhi moja nikasikia kishindo barabarani. Nikafungua pazia kidogo. Lilikuwa tela jipya, la rangi ya maziwa, na lilikuwa linaingia kwa Zabloni. Nilihesabu magurudumu. Yalikuwa sita. Nikahesabu tena kuanzia upande wa pili, yakawa sita. Lilikuwa na mita nane, na juu yake turubai jekundu lenye vishada vya dhahabu pembeni, la kufunika heshima isilowe.

Niliona wivu. Nimesema sina, na sina, lakini siku ile nilikuwa nao. Nilitoka uani nikapima tela langu kwa kitenge cha mke wangu. Lilikuwa mita tano, kama jana.

"Baba Nuswe, chakula kinapoa," mke wangu aliniita. Mtoto wetu wa kwanza anaitwa Nuswe.

"Hivi turubai la nini?" nilimuuliza. "Lina nini ndani?"

"Halina kitu."

"Ndiyo maana nauliza! Wanafunika nini?"

Mama Nuswe aliweka bakuli la mboga mezani, akakaa. "Mimi nina jambo la maana kuliko hilo. Paa la ghala la ushirika kule ng'ambo ya mto limetoboka. Mahindi ya wilaya nzima yako ndani, na magunia yangu sita yako chini ya tundu lenyewe. Masika yanaingia wiki ijayo. Kule stesheni kuna banda kavu, halina hata panya. Tela lako liko tupu, Baba Nuswe. Siku moja tu."

"Unataka nifungwe?"

"Nataka mahindi yangu yasiote."

Nilimweleza kifungu cha tatu chote, pamoja na maelezo ya chini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaondoa bakuli kabla sijala.

*

Siku tatu baadaye tela la Zabloni lilipita mbele ya nyumba yangu likiwa limelala kwenye matairi. Chini ya lile turubai jekundu kulikuwa na magunia, na juu ya magunia walikaa akina mama wanaimba. Likaenda stesheni, likarudi tupu, likapita tena limejaa. Watu walitoka majumbani wakashangilia. Nilizijua zile kelele, ingawa sikuwahi kuzisikia maishani. Zilikuwa kelele za kwenye vitabu vya historia, zile za trekta na pamba, na wala hazikuwa zangu.

Mimi nimepita barabara ile miaka sita na tela safi. Aliyewahi kunipungia mkono ni kichaa wa sokoni, naye alikuwa anafukuza nzi.

Zabloni alisimamisha gari getini kwangu. "Jirani, habari za asubuhi! Magunia mawili ya shemeji nimeshayafikisha. Manne yaliyobaki nayachukua kesho, Mungu akipenda."

Mama Nuswe akapiga kigelegele. Akakipiga akiwa amesimama kwenye ngazi yangu, amevaa kanga niliyomnunulia mimi.

Jioni ile niliandika barua kwa Waziri wa Matela na Heshima. Nilianza hivi: *Kwa moyo mzito na kalamu inayotetemeka kwa uzalendo, naripoti kwamba heshima ya Taifa imekaliwa na akina mama.* Ili Zabloni asijue imetoka kwangu sikuandika jina. Nilitia sahihi: *Raia Mwema, Mratibu wa Wilaya ya Magharibi, nyumba inayotazamana na ya mtuhumiwa.*

*

Waziri alikuja mwenyewe. Tela lake la mita kumi na nane lilishindwa kukata kona ya mahakama, kwa hiyo ukuta wa mahakama ulibomolewa na kesi ikasikilizwa katika hewa safi. Alifuatana na Bi Eufrasia Ngole, Mpimaji Mkuu wa Heshima, mama mwembamba mwenye miwani, utepe wa kupimia kiunoni na kitabu kikubwa kwapani. Bi Eufrasia hakuwahi kucheka na hakuwahi kukosea. Alipanda kwenye tela la Zabloni kwa magoti, akalikagua ubao kwa ubao, akatoka na punje tatu za mahindi. Zikawekwa juu ya sahani nyeupe kama ushahidi.

"Mratibu Mtweve," alisema Waziri, na sauti yake ikatutetemesha hata sisi tusio na hatia, "ulikabidhiwa chombo hiki kikiwa kitupu?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Kilikuwa kitupu. Ndiyo maana nikaona..."

"Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake! Wapo watu walikesha wakikibuni ili kiwe kitupu. Wewe kwa asubuhi moja umekijaza! Leo mahindi, kesho je? Wagonjwa? Madawati? Tukifika hapo, mwananchi ataona tela linapita na atajiuliza limebeba nini. Taifa litasalimika vipi na swali kama hilo?"

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kidogo kuliko wengine, kwa kiasi, nisionekane.

Zabloni alinyang'anywa gari na tela hapo hapo. Waziri akatangaza kwamba kwa kuwa raia mmoja mwema, mkazi wa nyumba inayotazamana, ameonyesha uaminifu, tela hilo la mita nane anakabidhiwa yeye. Watu wote wakageuka kunitazama. Zabloni naye aligeuka. Sikuona hasira usoni kwake, nami nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, kwa hiyo sikujua niangalie wapi. Nikaangalia vishada.

Nilirudi nyumbani na magurudumu sita nyuma yangu. Nilizunguka mtaa mara nne ili watu waone. Wengi walikuwa ndani.

"Sasa unalo," alisema Mama Nuswe. "Magunia yangu manne bado yako kule. Na ya wenzangu, mamia."

"Mke wangu, keshokutwa ni Siku ya Mburuto, sherehe ya matela. Mwaka huu mwenye tela refu kuliko wote katika wilaya zetu mbili anapanda jukwaani na kukaa kulia kwa Waziri. Kutoka pale kwenda ukuu wa mkoa ni hatua moja. Nataka niende na vumbi la mahindi?"

Hakugomba. Alivua kanga ya mabegani, akaisokota mpaka ikawa ngata, akaiweka juu ya meza kwa ajili ya kesho yake. Nilidhani anakwenda kuteka maji.

*

Siku ya Mburuto ilianza na mawingu. Uwanja wa sherehe uko ng'ambo ya mto, kwa hiyo lazima uvuke lile daraja la chuma lenye upana wa gari moja. Mbele alikaa dereva wangu, Athanas. Nyuma nilikaa mimi na Bi Eufrasia, aliyetakiwa kuthibitisha urefu wa tela kabla sijapanda jukwaani. Mama Nuswe hakuwepo nyumbani tangu alfajiri ya jana yake. Nilimwachia ujumbe mezani kwamba angeweza kuniona jukwaani, akipenda, upande wa kulia.

Tulipofika katikati ya daraja Athanas akafunga breki.

Mbele yetu alikuwa Zabloni Mtweve kwa miguu, amebeba gunia begani. Nyuma yake alikuwa mwanamke mwenye gunia kichwani, na nyuma ya huyo mwanamume mwenye gunia, na nyuma ya huyo mwingine, mmoja mmoja, daraja zima, hadi ukingoni, hadi kwenye kona ya barabara ya ghala, na kona yenyewe ilikuwa bado inawatoa.

Nikatoa kichwa dirishani. "Tupisheni! Huu ni msafara wa kiongozi!"

"Tungewapisha, jirani," alisema Zabloni, anahema. "Lakini watu wana mizigo kichwani na daraja halina kando. Mvua hiyo inakuja. Tulitaka tumalize kabla haijashuka."

"Athanas, piga honi."

"Subiri," alisema Bi Eufrasia. Alishuka, akarekebisha miwani. "Bwana Mtweve bado ni mratibu?"

Nilitaka kusema hapana. Lakini ukweli ni kwamba barua ya kumnyang'anya gari na tela ilikuwa imeshafika, na barua ya kumvua cheo ilikuwa bado inazunguka wizarani ikitafuta mlango.

"Basi ni kiongozi," alisema Bi Eufrasia. "Na kanuni ya vipimo inasema tela la kiongozi litapimwa kuanzia alipo yeye hadi mwisho wa kinachomfuata." Akamgeukia bibi mmoja aliyekuwa wa tano kwenye mstari. "Mama, mnamfuata huyu kwa hiari, au mmesukumwa?"

"Nisukumwe na gunia kichwani, mwanangu? Si nitaanguka!"

Bi Eufrasia akaandika *kwa hiari*. Akachomoa utepe, akaanza kupima, akapotea kwenye kona. Tulimsubiri darajani, mimi kwenye kiti cha ngozi na Zabloni na gunia lake begani, maana hakutaka kulitua na kulazimika kulipandisha tena. Bi Eufrasia alirudi viatu vyake vimejaa matope.

"Mita mia nne na kumi na mbili," alisema. "Lako, Mheshimiwa Kasembe, ni mita nane. Rudi nyuma."

"Bi Eufrasia! Taifa hili halirudi nyuma!"

"Taifa halirudi. Wewe unarudi."

Athanas alijaribu. Alikata kulia, tela likaenda kushoto. Alikata kushoto, likajikunja, na gurudumu moja likatoka nje ya daraja, likaning'inia juu ya maji likizunguka taratibu. Athanas aliachia usukani akaanza kusali. Tone la kwanza la mvua likadondoka kwenye kioo.

Zabloni akatua gunia. Akaja mlangoni kwa dereva, akasema, "Naomba nafasi, kaka." Akakaa. Akaweka mkono mmoja juu ya kiti cha pembeni, akageuza shingo, akatazama kioo cha nyuma kupitia juu ya kichwa changu kana kwamba sipo, na kwa mkono mwingine akaupapasa usukani. Gurudumu likarudi juu ya daraja. Tela likanyooka. Akatutoa pale mita sitini kinyumenyume, bila kugusa chuma, na akaliegesha kando ya barabara vizuri kabisa, hata vishada havikuyumba.

Miaka sita nimekuwa nikivuta tela na sikujua kwamba linaweza kufanya vile. Nilitazama ile mikono kama magogo. Nilimwonea wivu mpaka meno yakaniuma. Safari hii haukuwa wivu wa mita, wala wa magurudumu, wala wa turubai.

"Basi, jirani," alisema. Akashuka, akajitwika gunia lake na kuendelea na safari.

Watu hawakuweza kupiga makofi kwa sababu ya mizigo, lakini vigelegele vilipita juu ya mto vikarudi. Nikashuka nikasimama kando ya barabara. Wakanipita mmoja mmoja, na kila mmoja alinisalimu kwa heshima, na hilo ndilo lililokuwa gumu zaidi kulivumilia. Mwalimu mkuu alipita. Kichaa wa sokoni alipita na debe. Mama Nuswe alipita na gunia juu ya ngata ya kanga yangu, shingo imenyooka.

"Mama Nuswe," nikamwita.

Hakusimama, maana angewasimamisha wote. "Matatu nimeshayavusha, na hili la nne nimebeba nusu yake," alisema huku akienda. "Nusu nyingine iko mlangoni pa ghala, nimeifunga kamba ya bluu. Imenishinda."

Tela la mita nane lilikuwa pale kando, safi na tupu, turubai likilowa kwa kazi yake rasmi. Uwanjani tarumbeta zilianza kupigwa. Waziri alikuwa ananisubiri, na kiti cha kulia kilikuwa kitupu. Nilivua koti la sherehe nikampa Athanas. Nikavuka daraja nikiupita ule mstari kinyume chake, mpaka kwenye kona, mpaka ghalani, na mvua sasa ilikuwa inanyesha kweli. Kamba ya bluu niliiona mara moja. Nusu gunia la mahindi ni zito. Sikuwahi kuambiwa.

Niliwakuta wa mwisho wanakaribia daraja. Aliyefunga mstari alikuwa mzee mmoja na kikapu, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Nikaingia hapo. Nikasikia viatu vyenye matope vinakuja, na kitu kikanigusa mgongoni. Ilikuwa ncha ya utepe.

"Simama sawa, Mheshimiwa," alisema Bi Eufrasia.

Nikasimama sawa. Akatazama namba, akafungua kitabu chini ya mwavuli, akakata alichokuwa ameandika, akaandika upya kwa mwandiko wake mzuri. Kitabu kiko wizarani, na anayepata mlango anaweza kukisoma: Mtweve, Zabloni, mita mia nne na kumi na tatu. Ile ya mwisho ni mimi.